Ukuta unaobonyea kwenye gari-nyumba la 1998: uanze na nini, na kipi usiguse

*Swali: Naishi Bremen, Ujerumani. Nimenunua gari-nyumba la mwaka 1998, Fiat Ducato ya dizeli yenye kitanda juu ya kabini. Kwenye kona ya kitanda hicho, upande wa abiria, ukuta unabonyea kwa kidole na kuna harufu ya kuvu. Gari lilikaa miaka mitatu bila kutembea. Karakana imenitajia pesa inayokaribia ile niliyonunulia gari lenyewe. Mikono ninayo, na useremala kidogo naujua. Nianze na nini, na kipi nisiguse?*

Anza na maji yanayoingia kutoka juu. Injini, rangi na viti vyote vina subira. Kama gari lako lina injini ya lita 2.5 au 2.8, hiyo ni Sofim, chuma kilekile kilichofungwa kwenye magari ya mizigo ya Iveco Daily, na spea zake bado zinapatikana. Mbao iliyolowa haina subira hiyo. Kila mvua inayopita inasogeza uozo mbele, na kazi ya wikiendi tatu inageuka kazi ya miezi mitatu.

Mambo mawili tu yanatangulia, na hayachukui hata nusu saa. La kwanza, funga mtungi wa gesi na usiufungue hadi mfumo ukaguliwe, nitaeleza mbele. La pili, kabla hujalipeleka gari popote, piga magoti usome ubavu wa tairi. Baada ya herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho, kwa mfano 3512: wiki ya 35, mwaka 2012. Tairi za gari-nyumba hufa kwa umri, wala si kwa kutembea. Kashata zinaweza kuwa zimejaa kabisa huku mpira umekauka na kupasuka nyufa nyembamba ubavuni, na tairi ya namna hiyo hupasuka ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, gari likiwa na tani tatu na zaidi. Ikiwa na miaka 6, ikague kila msimu. Ikifika 10, toa bila mjadala. Unaponunua mpya tafuta zilizoandikwa CP, zilizotengenezwa kwa magari ya kulala yanayobeba mzigo mzito hata yakiwa yameegeshwa. Nyuma hupendekezwa zijazwe bar 5.5, na kwa shinikizo hilo valvu iwe ya chuma. Valvu ya mpira ya gari dogo haikuundwa kuhimili kiasi hicho.

Kwa nini ukuta unabonyea

Ukuta wa gari lako una tabaka tatu. Nje ni bati la aluminiamu ambalo mara nyingi halifiki hata milimita moja. Katikati ni stairofomu ya milimita 25 hadi 30, na kwenye kingo zake na kuzunguka madirisha zimepita fito za mbao laini, zile ambazo seremala wa Dar angeziita papi. Ndani ni plaiwudi ya milimita 3 yenye karatasi ya mapambo. Tabaka zote zimeshikamanishwa kwa gundi, na nguvu ya ukuta inatoka kwenye mshikamano huo. Bati peke yake hulikunja kwa mkono. Kidole chako kinapozama, plaiwudi imeshaachana na stairofomu, na ufito ulio nyuma yake huenda umeshakuwa kama machicha ya nazi.

Maji yanapita wapi? Bati la ubavuni na la paa yanakutana kwenye kona, na juu ya maungio hayo umefungwa ukanda wa aluminiamu kwa skrubu nyingi, moja kila sentimita 8 hivi. Chini ya ukanda kiwandani waliweka butili, ule mpira laini kama nta, mweusi au wa kijivu, unaonata. Baada ya miaka 25 na zaidi butili imekauka na kuwa kama ubani. Gari linapotembea, sehemu iliyotokeza mbele juu ya kabini, tuiite pua, hutikisika kuliko sehemu nyingine yoyote, na upepo wa barabarani husukuma maji ya mvua moja kwa moja kwenye maungio yake. Ndiyo maana magari ya umbo hili huanzia kuoza pale pale ulipopagusa.

Kuna mtuhumiwa mwingine ambaye watu wengi humruka: zile taa ndogo nyeupe zilizo mbele ya pua, kulia na kushoto. Nyuma ya kila moja kuna tundu la waya lililochimbwa kwenye ukuta, na kinachozuia maji ni mpira mwembamba tu. Fungua taa ya upande wa abiria kwanza. Ukikuta kutu ya kijani kwenye balbu na mpira unaokatika vipandevipande, huenda umeshapata nusu ya jibu.

Kujua uozo umefika wapi

Nunua kipima unyevu cha sindano mbili. Toboa nacho mahali pasipoonekana, ndani ya makabati na chini ya godoro, kila sentimita 20 hadi 30, na uandike namba kwenye utepe wa wapaka rangi uliobandikwa hapo hapo, pamoja na tarehe. Kwenye mbao, chini ya asilimia 15 ni pakavu. Kati ya 15 na 20 pafuatilie. Ikipita 20, maji yanaingia au yalishaingia na hayajapata pa kutokea. Usiishie kwenye kona unayoijua. Pima kuzunguka kila dirisha, kila kifuniko cha paa, na sakafu ya pua kwa chini, ambako maji hutulia baada ya kushuka.

Jambo linalowapotosha wengi ni kudhani kwamba maji yanaingilia pale doa linapoonekana. Maji hufuata ufito. Yanaweza kuingia kwenye kifuniko cha paa, yakatambaa mita nzima ndani ya stairofomu, na kujitokeza kwenye kona. Kwa hiyo fanya jaribio la mpira wa bustani. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine nje na mpira wenye maji ya kawaida. Usitumie mashine ya kuoshea yenye presha, hiyo inapenyeza maji hata kwenye maungio mazima. Anza chini, mwagia sehemu moja tu kwa dakika 10, kisha panda. Ukianza juu, kila kitu kitalowa na hutajua lipi ni lipi.

Likishindikana hilo, kuna njia ya hewa. Funga madirisha, ziba kwa utepe matundu yote ya kupitishia hewa, weka kipuliza hewa kwenye dirisha moja lililozibwa kwa karatasi ya plastiki, kisha nje nyunyizia maji ya sabuni kwenye maungio. Hewa itatokea pale maji yanapoingilia, na utaona povu likichemka. Hesabu tepe ulizoziba na uzihesabu tena wakati wa kuzitoa. Matundu ya sakafuni yapo ili gesi ikivuja ishuke na kutoka, maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Tundu lililosahaulika limezibwa linaweza kuua.

Kufungua na kukausha

Toa kabati na mbao za kitanda zilizo karibu na kona, weka alama kila skrubu ilikotoka. Kata plaiwudi ya ndani kwa kisu kikali au msumeno mdogo wa kutetema, ukiuwekea kina cha milimita 4, usije ukatoboa hadi bati la nje. Endelea kukata hadi ukute mbao ngumu na kavu, kisha ongeza sentimita 15. Wanaoogopa kufungua na kuishia mpakani mwa uozo hurudia kazi baada ya mwaka mmoja.

Stairofomu iliyolowa ing'oe yote, haikauki ikiwa ndani. Ufito uchokonoe kwa bisibisi nyembamba: pazima pana mlio mkavu na ncha haiingii, pabovu ncha inazama kimya. Palipooza toa kwa patasi. Kama ni sehemu ndogo ya juu juu tu, unaweza kuinyonyesha mbao epoksi nyembamba na kuiacha. Ufito wa kona ulioshikilia skrubu za ukanda ni jambo jingine. Huo ukioza ubadilishe, kwa sababu ndio unaozuia bati la paa na la ubavu yasiachane.

Kisha kausha. Hapa ndipo subira inapohitajika kuliko ustadi. Weka mashine ya kukausha hewa na hita ndogo ya umeme, funga madirisha, na umwage maji ya mashine kila siku. Juu ya pua tandika turubai lenye nafasi ya hewa pembeni. Ukilibana kabisa utafuga mvuke. Kwa ukuta uliofunguliwa hesabu wiki mbili, wakati mwingine zaidi. Usifunge chochote kabla kipimo hakijashuka chini ya 15 katika sehemu zote ulizoandika. Mbao zinazobaki zipake dawa ya kuvu ya boroni na uziache zikauke tena.

Nje: ukanda wa kona

Ukanda una mkato katikati, na ndani yake umepita utepe wa plastiki unaoficha skrubu. Uchomoe kuanzia mwisho wa chini. Huo hauna kazi tena, nunua mpya. Sasa fungua skrubu moja moja na uitazame. Ikitoka inang'aa, pale pakavu. Ikitoka nyeusi na nyembamba katikati, maji yamekuwa yakiinywa. Ikizunguka papo hapo bila kung'ata, hakuna mbao nyuma yake. Zipange mezani kwa mfuatano wake, utapata ramani ya uozo bila kupasua ukuta. Ya kichwa kilichoharibika ishike kwa plaisi ya kubana na uizungushe polepole.

Ukanda usiuvute kwa nguvu, ukikunjika haunyooki. Upashe kwa drai ya nywele hadi butili ilegee, kisha uinue kidogo kidogo kwa kikwanguo cha plastiki. Mabaki futa kwa benzini ya kusafishia, inayouzwa huko kwa jina la Waschbenzin, malizia kwa spiriti, ambayo huko huitwa Spiritus, na fungua milango wakati wa kazi hiyo. Vimiminika hivyo visiguse madirisha. Madirisha ya gari lako ni ya akriliki, wala si kioo. Spiriti, benzini na hata dawa ya kusafishia vioo hukwangua ndani kwa ndani, na baada ya siku kadhaa utaona nyufa kama utando wa buibui zisizoondoka. Yaoshe kwa maji na sabuni ya vyombo tu.

Ufito mpya uwe wa mbao laini iliyokauka na kupigwa dawa, unene uleule wa wa zamani. Upake gundi ya polyurethani isiyoathiriwa na maji, usimamishe kwa vijiti vilivyokazwa kutoka kwenye fremu ya kitanda, na uache usiku mzima. Kwa kujaza nafasi tumia stairofomu ile ngumu yenye vinyweleo vilivyoziba, XPS, kwa sababu hainyonyi maji kama ile nyeupe ya punje. Nayo ibandike kwa gundi hiyo hiyo ya polyurethani. Gundi ya kontakti yenye thina inaiyeyusha. Utaona imeshika vizuri, na kesho yake utakuta shimo tupu nyuma ya plaiwudi yako.

Kwa pua peke yake, ukijumlisha kona mbili za pembeni na maungio ya mbele, kuna kama mita 10 za ukanda. Skrubu moja kila sentimita 8 inafanya zaidi ya 120. Nunua 150 za chuma kisichoshika kutu, milimita 4 kwa 30, na mita 20 za utepe wa butili wa upana wa milimita 30 na unene wa 2 hadi 3. Dukani uulizie kwa jina la Butylband. Chagua siku kavu yenye joto la nyuzi 10 na kuendelea. Kwenye baridi butili haishiki.

Bandika utepe nyuma ya ukanda bila kuuvuta, maana uliovutwa hurudi na kuacha pengo. Anza na vipande vya chini, vya juu vilalie juu yake, kama makuti yanavyoezekwa. Chimbia kila skrubu tundu dogo, ichovye kwenye gundi ya kuzibia, kisha kaza kuanzia katikati ukielekea ncha zote mbili. Usikaze hadi mwisho siku hiyo. Kaza hadi butili ianze kuchungulia pembeni, pumzika, rudi kesho, kaza tena robo mzunguko. Ukikamua butili yote siku ya kwanza hakutabaki kitu chini ya ukanda cha kuzuia maji. Baada ya siku mbili kata iliyotokeza kwa kikwanguo cha plastiki. Juu ya ukanda, upande unaopokea maji ya mvua, pitisha mstari mwembamba wa gundi ya kuzibia inayovutika, kama Sikaflex ya magari au nyingine ya aina ya MS polima. Upande wa chini uache wazi. Tone likipenya lazima lipate pa kutokea. Fremu za madirisha nazo ni hivyo hivyo: juu na pembeni ziba, chini usizibe.

Na tafadhali, silikoni usiiguse. Bila shaka utaikuta imepakwa kwenye gari lako na mmiliki aliyepita, mstari mnene mweupe juu ya uchafu. Silikoni ya bafuni ile inayonuka siki huchochea kutu ya metali. Zaidi ya hapo, huacha mafuta ambayo hakuna butili, gundi wala rangi itakayoshika juu yake, hata silikoni nyingine. Palipopakwa inabidi kukwangua hadi bati litoe mlio, kisha kufuta na kufuta tena. Ni nyenzo nzuri ya sinki na kigae. Juu ya gari imeharibu kuta nyingi, kwa sababu inaficha ufa kwa nje huku maji yakiendelea kuingia nyuma yake.

Taa za pua zirudishe juu ya butili mpya. Vifuniko vya paa vilivyopimwa vyenye unyevu vitoe pia. Tundu la kawaida ni milimita 400 kwa 400, hivyo kipya hakikupi shida ya kipimo. Kisha rudia jaribio la mpira wa bustani, wakati ukuta wa ndani bado uko wazi. Ukiona hata tone, rudi nje. Ukishinda dakika 10 kila sehemu bila tone, ndipo ufunge ndani kwa plaiwudi ya milimita 3. Usishawishike kuweka ya 9 ili iwe imara. Mita moja ya mraba ya plaiwudi ya 3 ina kilo kama 1.8, ya 9 inapita 5, na gari lako karibu hakika limesajiliwa kwa kilo 3,500 na lina nafasi finyu. Kwenye maungio weka nyuma kipande cha plaiwudi cha upana wa sentimita 10, kila upande ukilalia sentimita 5.

Wakati mbao zinakauka

Wiki mbili hizo zitumie kwa umeme. Ducato za umri huu zina ugonjwa mmoja unaowagharimu watu stata nzima bila sababu: waya wa ethi unaotoka giaboksi kwenda kwenye chesi. Unakaa chini, unapigwa na chumvi ya barabara za majira ya baridi, na unaoza ndani ya ganda lake huku kwa nje unaonekana mzima. Dalili ni stata kuzunguka kivivu na taa kufifia, hata betri ikiwa mpya. Umeme ukikosa njia hutafuta nyingine, hata kupitia kebo za gia au za klachi, nazo hupata moto.

Kuupima ni rahisi. Weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.5, ethi ni mbovu. Toa waya, kwangua chesi hadi chuma king'ae, funga mpya wenye unene uleule au zaidi, kaza, kisha paka grisi juu. Usipake kabla ya kukaza.

Betri ya upande wa nyumba ipime saa kadhaa baada ya chaja kutolewa. Volti 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu, na ikiwa imekaa chini ya 12 kwa miezi basi imeshakufa hata ikikubali chaji. Ikishuka kila wiki bila wewe kutumia kitu, toa waya wa hasi, pitisha multimita katikati kwenye ampia, uchomoe fyuzi moja moja. Kinachokula zaidi ya miliampia 50 kimejificha kwenye fyuzi utakayoona namba inaanguka. Na hakikisha kuna fyuzi kwenye waya wa chanya karibu kabisa na betri. Magari mengi ya mitumba yameongezewa waya na wamiliki waliopita bila hiyo, na waya ukichubuka ndani ya ukuta wa stairofomu moto hauzimiki kirahisi.

Mfumo wa maji safi utahitaji kusafishwa baada ya miaka mitatu. Kwa tangi la lita 100, mililita 100 za dawa ya klorini isiyo na manukato yenye nguvu ya asilimia 5. Kaa nayo saa moja, mwaga, suuza mara mbili. Boila itenge isipate klorini. Baridi ikikaribia, mwaga maji yote pamoja na ya boila na uache bomba wazi katikati ya moto na baridi. Maji yaliyobaki kwenye pampu huganda na kuipasua.

Usivyogusa

Gesi. Kujua inavuja unaruhusiwa, kwa maji ya sabuni kwenye maungio, kamwe si kwa kiberiti. Kufungua na kufunga mabomba mwachie aliyeidhinishwa. Ujerumani ina ukaguzi wake wa gesi ya magari-nyumba, G 607, na tangu Juni 2025 ni lazima kisheria kila baada ya miaka 2, ukiandikwa kwenye kitabu cha njano ambacho muuzaji alipaswa kukupa. Regyuleta, kile kifaa kinachopunguza shinikizo la gesi, na mipira ya gesi hubadilishwa kila miaka 10, tarehe zimepigwa juu yake. Kabla hujanunua regyuleta soma kibandiko kwenye jiko, friji na hita: miaka ya 90 ndiyo nchi hiyo ilikuwa ikihama kutoka shinikizo la milibari 50 kwenda 30, na vifaa vya 50 havifungwi regyuleta ya 30, wala vya 30 havifungwi ya 50. Kengele ya kabonimonoksidi iweke hata kama mkaguzi hakuidai.

Breki. Mafuta ya breki hufyonza unyevu, na baada ya miaka mitatu ya kusimama hayafai. Hilo peke yake ni kazi ya karakana yoyote, haina gharama kubwa. Mwambie fundi atazame mipira ya breki ya nyuma, mabomba ya chuma yaliyopita chini ya sakafu, na ile valvu iliyo juu ya ekseli ya nyuma inayogawa nguvu ya breki kulingana na mzigo. Mkono wake hushikwa na kutu ukaganda, na gari likasimama kwa magurudumu ya mbele tu.

Mkanda wa taimingi. Kama hukupewa karatasi yenye tarehe na kilomita, uhesabu haujawahi kubadilishwa, ubadilishe pamoja na tensheni yake. Mpira huzeeka umesimama. Ukikatika, vali hugonga pistoni, na hapo injini niliyoisifia mwanzoni inaweza kugeuka mzigo wa chuma chakavu. Pesa uliyookoa kwa kufanya ukuta mwenyewe itoe hapa kwanza.

Mvua kubwa ya kwanza ikishapita, pima tena sehemu zilezile ulizobandika tepe. Kisha tembea kilomita 500, rudi kwenye pua na ukaze skrubu zilizolegea. Baadhi zitakuwa zimelegea, butili bado inajipanga. Utepe mpya wa plastiki wa kuficha skrubu uingize baada ya hapo.